Maji ya Chumvi kwenye Kikombe cha Mgeni

Tulipokuwa tukifunga nyumba ya Mama pale Kitengela, miezi mitatu baada ya kumzika, kaka yangu Mutua alichukua meza na redio, mimi nikachukua kikombe. Hakuna aliyenigombania. Ni kikombe cha bati kilichopakwa rangi ya buluu, kimebanduka mdomoni mpaka weusi wa chuma unaonekana, na ndani, karibu na kitako, kina duara jeupe la ukoko ambalo halitoki hata ukilisugua kwa mchanga. Mutua alikigeuzageuza akasema nikitupe, kimezeeka. Nikamnyang'anya, nikakifunga kwenye leso ya Mama na kukitia mkobani kabla hajaniuliza zaidi. Hakujua habari za lile duara. Siku zile yeye alikuwa bweni, kule kwetu Mwala, na duara hilo ni langu peke yangu.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Nashuku mtu anayenichekea kabla hatujajuana, nashuku hodi ya upole, nashuku bei rahisi, nashuku mchungaji ambaye viatu vyake havijui vumbi. Mume wangu husema nilizaliwa nimekunja uso. Marehemu Baba, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha saruji na kurudi nyumbani akiwa mweupe mpaka kwenye kope, aliniita Askari tangu nikiwa mdogo. Nilikuwa wa kwanza kusikia mlango, wa kwanza kuchungulia, na wa mwisho kuamini nilichoambiwa. Sioni haya juu ya hilo. Lakini kuna siku moja ambayo shuku yangu nusura imuue mtu, na hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza, kwa sababu Mama hayupo tena na nikinyamaza itakuwa kama haikutokea.

Kitengela ya wakati ule haikuwa hii ya maghorofa. Kulikuwa na barabara moja na maduka ya mabati pande zote mbili, na nyuma ya maduka uwanda uliotambaa hadi macho yanachoka. Ploti yetu ilikuwa na vyumba viwili vya mawe, choo, na ua wa waya ambao nyumbu waliuvunja kila mwaka wakipita, kana kwamba sisi ndio tuliojenga njiani kwao, na nadhani ni kweli. Majirani tulikuwa watu wa kila mahali: Wakamba kama sisi waliofuata viwanda, Wakikuyu waliokuja kununua ardhi na kufungua maduka, na Wamaasai ambao hawakuja kutoka popote.

Kila nyumba ilikuwa na maji ya namna mbili. Kulikuwa na maji ya chumvi, yaliyotoka visima virefu na kuletwa kwa mkokoteni wa punda, mitungi ikigongana. Hayo tulifulia, tulipikia na kuyanywa kwenye chai siku nyingi za mwaka. Yaliacha ukoko mweupe ndani ya birika, sabuni haikutoa povu, na chai yake ilikuwa na ladha ambayo sukari haikuweza kuishinda. Halafu kulikuwa na maji ya mvua, tuliyoyakinga kutoka paani kwenye pipa lililofunikwa kwa bati na jiwe juu yake. Hayo tuliyaita matamu. Ukinywa kikombe cha maji matamu baada ya mwezi mzima wa chumvi, unasikia ulimi wako umerudishiwa heshima yake.

Jumapili moja mchungaji wetu alihubiri juu ya wageni. Alisema kuna watu wa zamani walikaribisha wapita njia na kumbe walikuwa wamekaribisha malaika. Akasema pia kwamba siku ya mwisho Bwana atawakumbusha watu kwamba alifika kwao na kiu, wengine wakampa maji na wengine wakamfungia mlango, na wote watashangaa na kuuliza ni lini hiyo. Mama alirudi nyumbani moja kwa moja. Alitoa kikombe cha buluu, alichopewa na shangazi yake siku ya harusi, akapigilia msumari kando ya mlango na kukitundika hapo.

"Hii ni ya mgeni," akasema. "Hakuna mtu wa hii nyumba ataguza. Mgeni akikuja, hata sisi tukunywe chumvi, yeye anapewa maji tamu. Na unampatia na mikono mbili. Umesikia, Askari?"

Nilisikia vizuri sana. Nilichosikia ni kwamba Yesu anazunguka Kitengela amejificha. Kule shuleni tulikuwa na mkaguzi kutoka Kajiado ambaye hakuwahi kuja na barua. Alikuja amevaa kama mzazi wa kawaida, akakaa nyuma ya darasa, na mwalimu akigundua ni nani alikuwa tayari ameshaandikwa. Hivyo ndivyo nilivyoelewa mahubiri yale. Yesu ni mkaguzi. Atakuja kama muuza ufagio au mtu aliyepotea njia, na atatuandika.

Shida ilikuwa kwamba wezi nao walikuja hivyo hivyo. Hayo niliyajua kwa Mama Shiru, jirani yetu wa upande wa barabara, aliyekuwa na duka la chakula cha mifugo na nyumba yenye vyuma kila dirisha. Alikaa benchi moja na Mama kanisani, waliimba pamoja kwaya ya kina mama, lakini kwenye suala la wageni hawakupatana.

"Mama Mutua, wewe utaibiwa ukiwa umefunga macho unaomba," alimwambia. "Mwizi wa siku hizi hakuji na panga. Anakuja na kiu. Anaomba maji, anakunywa polepole, na hiyo macho iko ndani ya nyumba inahesabu vitu."

"Na kama si mwizi?" Mama akauliza.

"Basi atarudi kesho na wewe ukiwa umefunga nyumba. Atakuwa amekufa na kiu?"

Mama alicheka, lakini mimi nilimwona Mama Shiru ndiye mwenye akili. Mama alifikiri kila mgeni huenda ni Bwana. Mama Shiru alifikiri kila mgeni ni mwizi. Mtu alihitajika wa kutenganisha hawa na wale, na Askari nilikuwa mimi.

Kwa hiyo nikaanza ukaguzi wangu. Kwanza niliangalia mikono. Mwalimu wa Sunday school alikuwa ametuambia alama za misumari hazikufutika, basi kila mgeni aliyepokea kikombe nilimkodolea viganja mpaka wengine wakavificha. Halafu kulikuwa na jaribio la maji. Tulifundishwa habari ya ile harusi ambako maji yaligeuka divai, nikafikiria hivi: mtu aliyeweza kufanya hivyo hawezi kushindwa na chumvi kidogo. Nikimpa Yesu maji ya chumvi, yatageuka matamu kabla hayajafika mdomoni, naye atakunywa bila kukunja uso. Mtu wa kawaida atakunja uso. Nilianza kujaza kikombe cha buluu kwenye mtungi wa chumvi kila Mama alipokuwa hayupo au amegeuka. Nilipata faida mbili kwa mpigo: namjua mgeni ni nani, na maji yetu matamu hayaishi.

Walishindwa wote. Muuza ufagio alikunja uso akamwaga yaliyobaki kwenye maua. Mwanamke mmoja wa mali kwa mali, aliyebadilisha mabeseni kwa nguo kuukuu, alikunywa funda moja akaniuliza kama kwetu tunachota baharini. Mhubiri mmoja mwenye kipaza sauti alitema kabisa, pwaa, mbele ya mlango, na huyo nilifurahi kumfuta kwenye orodha kwa sababu alikuwa na sauti kubwa. Kila aliyeondoka, nilionja yaliyobaki kikombeni, kwa uangalifu, kuhakikisha kwamba ni chumvi bado. Ilikuwa chumvi bado.

Kisha mvua ikakosa kuja, na ikakosa tena. Uwanda ukawa rangi ya karatasi ya kufungia nyama. Pipa letu lilishuka mpaka tukawa tunaliinamisha ili kuchota. Wamaasai walianza kupita na ng'ombe wao kutoka mbali, wengine kutoka upande wa Oltepesi, wengine kutoka mbali zaidi, wakifuata majani ambayo mtu fulani alisema aliyaona mahali fulani. Ng'ombe walipita mifupa ikihesabika. Wengine walilala kando ya barabara na hawakuinuka, na harufu yao ilikaa hewani wiki nzima. Mama Shiru aliongeza kufuli. Watu waliongea juu ya wizi wa mbuzi, na kisha, nisijue yalianzia wapi, juu ya wizi wa watoto. Kila mtu alikuwa na binamu wa jirani aliyeona.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, saa ya Mama kuwa kwenye maombi ya kina mama. Nilikuwa nimerudi kutoka shule, niko peke yangu, nimefunga mlango kwa komeo na nimekaa dirishani. Yule mwanamke alikuja akitembea taratibu katikati ya njia. Alikuwa amefunga shuka nyekundu iliyopauka, shanga shingoni, viatu vya tairi miguuni, na mtoto mchanga mgongoni ambaye kichwa chake kilining'inia upande. Hakubisha hodi. Alisimama getini akangoja, kama mtu anayejua ameshaonekana. Mimi nilingoja pia. Nilitaka nione atachungulia wapi, na hakuchungulia popote. Hilo lilinitia wasiwasi zaidi.

"Mtoto," akaita mwishowe. "Naomba maji. Huyu nagonjwa."

Nilitoka. Sikuwa na ujasiri wa kutotoka, kwa sababu ya yule mkaguzi. Nilifungua geti, nikachukua kikombe cha buluu msumarini, nikakijaza kwenye mtungi wa chumvi na kumpelekea kwa mikono miwili, kama nilivyofunzwa. Alipokipokea nilitazama viganja vyake. Vilikuwa vigumu, vimepasuka, na kimoja kilikuwa na kovu refu, lakini halikuwa mahali pa msumari. Aliniona nikitazama. Hakuvificha.

Alichovya kidole, akampaka mtoto midomoni, mara tatu, mara nne. Halafu akanywa. Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake nikimtazama uso, na nawaambia hakukunja hata unyusi. Alikunywa kama mtu anayekunywa maji. Alipumzika, akanywa tena, akabakisha kidogo chini kwa ajili ya mtoto. Hakuna aliyewahi kufika hapo.

Kisha akatema mate. Hakuyatema chini. Aliyatema kidogo kwenye kiganja cha mkono wake, akasema jambo kwa Kimaasai, na ule mkono ukaja moja kwa moja juu ya kichwa changu.

Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nilidhani amegundua chumvi na sasa ananilaani. Nilidhani ni mwizi wa watoto. Nilidhani yote mawili kwa wakati mmoja, na nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango, nikaendelea kulia.

Mama Shiru alifika kwanza, unga wa mifugo mikononi, na nyuma yake mlinzi wake mwenye rungu. Kisha wakaja mafundi waliokuwa wakijenga ploti ya pili, mmoja na koleo, mwingine na jiwe aliloliokota bila kujua kwamba ameliokota. Ndani ya muda mfupi uwanja wetu ulijaa watu ambao sikuwahi kuwaona wakija kwetu hata kwa chai.

"Alikufanya nini?" Mama Shiru akaniuliza, ameniinamia. "Sema, usiogope."

"Ametema mate," nikasema. "Alitaka kunishika kichwa."

"Mnasikia? Alitaka kumshika."

"Hata huyo mtoto mgongoni si wake," fundi mmoja akasema. "Mtoto wa mtu hawezi kunyamaza hivyo. Amempatia dawa."

"Mtoto yangu," yule mwanamke akasema. Kiswahili chake kilikuwa kimeisha kwa hofu. "Mtoto yangu. Mimi naomba maji. Huyu napatia mimi," akanionyesha kwa kidevu. Alikuwa amezungusha mkono mmoja nyuma kumshika mtoto, na mkono wa pili umeshikilia kikombe cha buluu kifuani. Walimsukuma, na hakukiachilia wala hakumwaga yaliyokuwa ndani. Hicho ndicho nilichokiona na sijawahi kukisahau. Watu wenye mawe walikuwa wakimfokea, naye alikuwa akichunga kikombe cha wenyewe kisianguke.

Nilijua hapo hapo kwamba kuna kitu nimekosea, ingawa sikujua ni kipi. Nilichosema kilikuwa kweli, kila neno, na ukweli wangu ulikuwa unaelekea kuua mtu. Ningeweza kusema kitu kingine. Ningesema alikuwa amekunywa tu. Mdomo wangu haukufunguka. Nilimwogopa yeye, halafu nikawaogopa wao, na mwoga ni mwoga hata akiwa na miaka tisa.

Mama aliingia getini na kitambaa cheupe cha kina mama wa kanisa kichwani. Alikuwa amesikia kelele kutoka barabarani na alikuwa anahema. Alinitazama mimi kwanza, kutoka kichwani mpaka miguuni, akaona niko mzima. Halafu alipita katikati ya wale wanaume, akimwambia mmoja samahani, baba, na mwingine nipishe kidogo, mpaka akafika mbele ya yule mwanamke. Alichukua kikombe mkononi mwake kwa upole. Kilikuwa bado na funda moja. Mama akalinywa.

Nilimwona akinywa. Niliona taya lake likisimama. Aligeuza macho akanitazama mara moja tu, bila kuninyooshea kidole, nami nikatamani wale mafundi wanigeukie mimi na mawe yao.

"Takwenya, yeyo," Mama akasema. Ndiyo salamu anayopewa mwanamke kwa Kimaasai. Sikujua kwamba Mama anaijua.

Yule mwanamke alimkodolea macho. "Iko," akasema, kwa sauti ndogo.

Mama akavua kitambaa cha kanisa, akakikunja na kukishika mkononi, kisha akainamisha kichwa chake mbele ya yule mwanamke, chini kabisa, jinsi mtoto anavyoinama. Akakaa hivyo. Mwanamke alitazama rungu, akatazama koleo, akatazama nywele za Mama. Halafu akatema kidogo kwenye kiganja, kupuliza zaidi kuliko kutema, akakiweka juu ya kichwa cha Mama. Alisema maneno marefu, na mimi nilitambua neno moja tu, Enkai, ambalo hata watoto wa Kitengela tulijua ni Mungu.

Mama alipoinuka, hakuna aliyekuwa akifoka.

"Nikiwa msichana nilikaa Illasit, huko Umaasaini, kwa shangazi yangu, tukivuna vitunguu kwa mashamba ya watu," akawaambia, kama anayesimulia habari za kawaida. "Kila asubuhi mtoto akikutana na mtu mzima anapeana kichwa aguzwe. Na wakikupenda wanakutemea mate hivyo. Mimi nilitemewa mpaka nikazoea. Huyu mtoto yangu alikuwa anabarikiwa, akalia. Sasa, huyu ni mgeni wangu. Mmekuja kunisalimia?"

Fundi alitazama jiwe mkononi mwake akalitua chini polepole, karibu na maua, kama mtu anayerudisha kitu mahali alipokitoa. Waliondoka mmoja mmoja. Mama Shiru alibaki. Alisema yeye angejuaje, mtoto amelia, na mtoto akilia mtu hukimbia, hangoji aambiwe mila za watu. Mama akamwambia amefanya vizuri kukimbia, aingie ndani wanywe chai. Akaingia. Alikaa karibu na kabati na nina hakika alihesabu vijiko. Lakini ni yeye aliyempakata yule mtoto mgonjwa ili mama yake anywe kwa mikono miwili, na ni yeye aliyesema mtoto ana joto kali na asipofikishwa kliniki leo hataamka kesho.

Chai ilipikwa kwa maji matamu. Nilitumwa kuyachota. Nililazimika kuingiza kichwa na mabega ndani ya pipa, na kata ikakwaruza chini kabisa. Yalikuwa ya mwisho.

Kabla ya kuondoka kwenda kliniki, yeye, Mama na Mama Shiru, pamoja na mtoto, yule mwanamke alinigeukia. Alinyoosha mkono tena, juu juu, hakuuleta karibu. Alingoja. Nilijua sasa ni nini. Mama alikuwa ameeleza, nilikuwa nimeelewa, sikuwa na sababu. Nikajificha nyuma ya sketi ya Mama. Mama hakunisukuma mbele. Mwanamke alingoja kidogo zaidi, kisha akaurudisha mkono taratibu ndani ya shuka yake, wakaenda.

Mtoto alipata dawa na walilala kwetu siku mbili. Siku zote hizo mimi nilikula nimeangalia sahani, na alfajiri ya siku ya tatu, nilipoamka, walikuwa wameshaondoka kufuata ng'ombe wa kwao waliotangulia. Jina lake Mama alinitajia mara moja. Sikulishika.

Jioni ya siku waliyoondoka Mama alikaa na mimi nje tukichagua maharagwe.

"Kwa nini ulimpatia ya chumvi?"

Nilimweleza yote. Mkaguzi, misumari, harusi, muuza ufagio, mhubiri aliyetema. Alisikiliza mpaka mwisho, vidole vyake vikiendelea kutoa mawe kwenye maharagwe.

"Na hiyo maji ilibadilika?"

"Hapana."

"Alikunja uso?"

"Hapana. Alikunywa."

"Alikuuliza kwa nini umempatia mbaya?"

"Hapana. Alitaka kunibariki."

Mama alitupa kijiwe uani. "Basi mimi sijui," akasema, "wewe ulikuwa unataka Yesu wa aina gani."

Hakunichapa. Alitoa kikombe cha buluu msumarini, akakiweka mbele yangu, akaniambia kwamba mpaka mvua inyeshe kikombe hicho ni changu, na maji yangu ni ya ule mtungi, matupu, bila majani ya chai wala sukari. Mvua ilikawia. Kila usiku nilikiacha kikombe na maji kando ya kitanda, na kila asubuhi chumvi ilikuwa imepanda kidogo kwenye ukuta wa ndani wa kikombe. Hiyo ndiyo asili ya lile duara. Mara ya kwanza nilikunja uso, na ya pili, na ya kumi. Siku moja nikagundua nimekunywa kikombe kizima na uso wangu haujafanya lolote, na nilishikwa na wasiwasi, kwa sababu nilijua vizuri kwamba mimi si Yesu.

Nilipokua, shuku zangu zilinirudisha kwenye jambo hilo mara nyingi. Nimeishi Kajiado, nimefanya kazi huko, nimeona meno ya watu yaliyogeuka rangi kwa maji ya visima. Sasa najua kwamba huenda yule mwanamke hakusikia chumvi yoyote. Huenda hayo ndiyo maji aliyoyajua tangu kuzaliwa, na hakuvumilia kitu wala hakunisamehe kitu. Alikuwa na kiu, akanywa, akashukuru. Nimejaribu kulitumia hilo kujipunguzia mzigo, lakini halipunguzi. Mimi nilijua ni chumvi.

Siku ile tulipofunga nyumba, Mutua alikuwa ameenda kutafuta pikapu ya kubebea meza. Nilikuwa peke yangu, nimefunga geti kwa ndani. Kupitia dirishani nilimwona mwanamke wa makamo amesimama nje, na begi la plastiki mkononi. Simjui. Hakuwa amevaa shuka wala shanga nyingi, ila sweta na sketi kama mtu yeyote. Nilishuku mara moja. Nyumba ya marehemu, watu wamesafiri, vitu viko nje, hiyo ndiyo saa yao. Nilikaa kimya nikitumaini atapita.

"Hodi hapa," akasema. "Nasikia Mama Mutua alituacha. Mimi natoka mbali, niko na kiu kidogo."

Alijuaje jina? Lakini mtaa mzima unalijua jina hilo, na mtu akiuliza kwenye duka la kwanza ataambiwa. Hayo yote yalipita kichwani mwangu nikiwa nafungua geti. Nilifungua leso, nikatoa kikombe, nikammiminia maji ya chupa niliyokuwa nimejinunulia. Nikampa kwa mikono miwili. Alikunywa yote amesimama. Alipomaliza alinitazama kwa muda, labda akitafuta sura ya Mama, kisha akatema kidogo kwenye kiganja na kukinyoosha.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina mvi. Nilitaka kumuuliza ni nani na anatoka wapi na alimjuaje Mama. Nilitaka sana kuangalia mikono yake. Nikainamisha kichwa, chini kabisa, nikafumba macho. Kiganja kilikuwa na unyevu, na kilikaa hapo kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nililia, safari hii bila sauti.

Alipoondoka sikufunga geti. Liliachwa wazi mpaka Mutua aliporudi na pikapu, na katika muda huo nilichungulia dirishani mara tatu kuona ni nani mwingine anakuja.